Shati lisilopita forodhani: Biashara ya sura za mtandaoni na nafasi ya Buyenzi

BUJUMBURA. Mfanyabiashara wa Buyenzi anaijua njia ya kila bidhaa anayoiuza. Kitenge kilichotundikwa katika soko la Ruvumera huenda kilishuka bandarini Dar es Salaam, kikapanda lori hadi Kabanga na kuvuka mpaka wa Kobero, au kikafika Kigoma kwa reli kisha kikapakiwa melini kuvuka Ziwa Tanganyika. Spea zinazouzwa kwenye gereji za mtaa huo nazo zina safari yake. Kila kituo kina karatasi, kina ada na kina mtu wa kusalimiwa.

Lakini ipo nguo ambayo haijawahi kupimwa kwenye mizani ya Kobero wala kukaguliwa na afisa forodha yeyote. Ni shati, suruali, viatu na nywele za mhusika wa mchezo wa mtandaoni, yule mtu mdogo wa kwenye skrini ambaye kijana humtengeneza atakavyo, akampa jina na kumvalisha kabla ya kumwingiza uwanjani. Wachezaji humwita avata. Nguo zake huuzwa kwa fedha halisi, na fedha hiyo huvuka mipaka mingi zaidi kuliko robota lolote la mitumba.

Biashara hii inawahusu watu wa mpakani kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba fedha inayolipia nguo hizo mara nyingi hutoka mfukoni mwao, kupitia simu iliyo mkononi mwa mtoto. Ya pili ni kwamba soko hilo linamruhusu mtu wa kawaida kuuza, si kununua tu. Fundi cherehani, msusi au mdarizi wa kofia anaweza kuweka kazi yake humo. Swali ni kama atapata faida, na kama kazi hiyo itabaki na jina lake.

Avata hutengenezwaje

Neno lenyewe ni la Bahari ya Hindi. Asili yake ni Kisanskriti, lugha ya kale ya India, ambako lilimaanisha kushuka, yaani mungu kushuka duniani akiwa na umbo la kiumbe. Mwaka 1985 mchezo wa kompyuta uitwao Ultima IV ulilitumia kwa shujaa wake. Mwaka uliofuata, Chip Morningstar na Randy Farmer wa kampuni ya Lucasfilm nchini Marekani wakalitumia katika mchezo wao wa Habitat kumaanisha umbo linalomwakilisha mchezaji mbele ya wachezaji wenzake. Tangu hapo limebaki hivyo.

Kwa kijana anayefungua mchezo kwa mara ya kwanza, kazi huanza na mwili. Katika Roblox, jukwaa la Marekani lililofunguliwa mwaka 2006, mchezaji hupewa umbo la kuanzia bila malipo. Hulibadilisha rangi ya ngozi, kimo na unene, kisha akaenda kwenye nywele, uso, nguo na mapambo. Baadhi ya vitu ni vya bure. Vingine hulipiwa kwa Robux, sarafu ya humo ndani.

Katika Free Fire, mchezo wa mapigano uliotolewa mwaka 2017 na kampuni ya Garena ya Singapore, na unaopendwa kwa sababu hauhitaji simu ya bei kubwa, mchezaji huchagua mhusika aliyekwisha kuchorwa, kisha humnunulia mavazi kwa almasi. Almasi hizo si jiwe, ni sarafu tu ya mchezo. Katika Fortnite ya kampuni ya Epic Games, sarafu huitwa V-Bucks.

Kanuni ni moja kote. Fedha ya kweli inabadilishwa kuwa sarafu ya mchezo, na sarafu ya mchezo inanunua sura. Kwa mtu aliyezoea kubadilisha faranga kuwa shilingi na shilingi kuwa dola, mlolongo huo hauna ugeni. Ugeni uko kwenye kurudi, kwa sababu duka hili la kubadilishia fedha linapokea kwa urahisi na kutoa kwa shida.

Sura ina bei, na bei ina tabia

Wapo wanaodhani haya ni mambo ya watoto. Wachumi hawakuyaona hivyo. Mwaka 2001 mchumi wa Marekani Edward Castronova aliuchunguza mchezo wa EverQuest kama nchi yenye uchumi wake, akapima uzalishaji wake na kiwango cha kubadilisha sarafu yake kwa dola. Miaka miwili baadaye aliangalia minada ambako wachezaji waliuziana wahusika wao. Aligundua kwamba mhusika wa kike aliuzwa kwa bei ya chini kuliko wa kiume mwenye uwezo uleule. Katika mchezo huo mwanamke na mwanamume walikuwa na nguvu sawa. Kilichotofautiana ni sura tu, na wanunuzi wakaikata bei.

Utafiti mwingine unamgusa moja kwa moja mtu anayeishi kwa kupatana bei. Mwaka 2007 Nick Yee na Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa watu avata ndefu na fupi, kisha wakawataka wagawane fedha za kubuni na mtu mwingine katika chumba cha kompyuta. Waliopewa avata ndefu walijipendelea zaidi katika mgao. Waliopewa avata fupi walikubali mgao wa kuonewa karibu mara mbili zaidi ya wenzao. Urefu wao halisi haukuhusika. Umbo walilovishwa kwa dakika chache lilitosha kuwabadilisha namna ya kudai haki yao.

Kwa hiyo kijana anayekaa saa nzima akimchagulia mhusika wake mabega na viatu hafanyi upuuzi mtupu. Anachagua atakavyotazamwa, na kwa kiasi fulani anachagua atakavyojitazama. Kampuni za michezo zinalijua hilo, ndiyo maana mchezo wenyewe hutolewa bure na nguo zikauzwa.

Rafu iliyokosa bidhaa

Kwa miaka mingi, mchezaji Mwafrika aliyetaka mhusika anayefanana naye alikuta rafu tupu. Rangi nyeusi zilikuwa chache na zilionekana kama majivu kwenye mwanga wa mchezo. Nywele zilikuwa ndefu za kulala, au afro moja ya mviringo iliyochorwa kwa haraka.

Mabadiliko yalikuja baada ya wanunuzi kulalamika. Novemba 2020 mchezo wa Animal Crossing wa Nintendo ulipata mitindo mipya ya nywele, ikiwemo ya nywele za Kiafrika, baada ya wachezaji kukusanya saini za kuidai. Desemba mwaka huohuo The Sims 4 iliongeza rangi za ngozi zaidi ya 100. Nchini Marekani, A.M. Darke, msanii na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, alianzisha maktaba ya michoro ya nywele za watu weusi ambayo watengenezaji wanaweza kuichukua. Mwaka 2023 alishiriki kutoa mwongozo wa bure unaowafundisha wachoraji wa michezo jinsi ya kuchora misuko na nywele za kipilipili.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mwongozo wa aina hiyo umeandikwa kwa ajili ya watu wasioujua msuko. Msusi wa Bujumbura, Uvira au Kigoma anajua twende kilioni inaanzia wapi, mabutu hugawanywaje na rasta zinakaa vipi kichwani baada ya wiki tatu. Ujuzi unaoandikiwa mwongozo kwingine, hapa binti huupata kwa kukaa miguuni mwa dada yake.

Afrika Mashariki imeshaonyesha kwamba inaweza kuingia kwenye skrini ikiwa na sura na lugha yake. Aprili 2024 ulitoka mchezo wa Tales of Kenzera: ZAU, uliobuniwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Mhusika wake mkuu, Zau, ni mganga kijana anayevaa vinyago vya jua na mwezi. Hadithi imejengwa juu ya masimulizi ya Wabantu, na mchezaji anaweza kuchagua kusikia wahusika wakizungumza Kiswahili. Mcheza kwao hutunzwa, lakini safari hii waliomtunza walikuwa ulimwengu mzima.

Mshono ni wako, kitambaa ni cha kiwanda

Buyenzi, katika komini ya Mukaza, ni mtaa mkongwe wa Waswahili wa Bujumbura. Barabara zake zimenyooka na kuitwa kwa namba, na lugha ya gereji, sokoni na barazani ni Kiswahili kinachopokezana na Kirundi na Kifaransa. Waswahili wa kwanza walifika ufukweni mwa ziwa kwa misafara ya biashara iliyopita Ujiji. Ni mtaa wa watu wa ufundi, wanaojua kutengeneza, kushona na kuuza.

Ufundi huo ndio mtaji. Katika Roblox, aina rahisi ya nguo ni picha bapa tu, ambayo kompyuta huikunja juu ya mwili wa mhusika kama fundi anavyozungushia kitambaa kiunoni mwa mteja. Kiolezo cha shati kina upana wa nukta 585 na urefu wa nukta 559. Kimegawanywa visanduku vya kifua, mgongo, mabega na mikono. Fundi anayejua kukata shati kwa karatasi atakielewa kwa kukitazama, kwa sababu ni ramani ya mshono. Nguo zenye umbo kamili, zile zinazopepea na kujikunja, zinahitaji kompyuta na programu ya kuchorea kama Blender, ambayo ni ya bure lakini inataka miezi ya kujifunza.

Hapa lazima mtu awe mwangalifu. Kishawishi cha kwanza ni kupiga picha kitenge kizuri na kukigeuza shati la avata. Vitenge vingi vinavyouzwa katika masoko yetu vimechorwa na viwanda, na michoro hiyo ina wenyewe. Vlisco ya Uholanzi, kwa mfano, imekuwa ikichapa vitambaa vya aina hiyo tangu 1846 na inailinda michoro yake. Aliyenunua doti hajanunua mchoro. Akiuweka sokoni kama wake, nguo inaweza kuondolewa na akaunti kufungwa.

Kilicho cha fundi ni mshono: mkato wa gauni la harusi, namna ya kulifunga vazi la imvutano la wanawake wa Burundi, nakshi ya shingo ya kanzu, vitundu vya kofia ya viua alivyovibuni mwenyewe, ushungi unaokaa vizuri kichwani kwa binti anayetaka mhusika wake ajisitiri. Hayo hayakuchapwa kiwandani, na mchezaji aliyeko Muscat, Minneapolis au Mombasa anaweza kuyatafuta bila kuyapata.

Hesabu ya shati moja

Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo hesabu ifanywe kabla ya ndoto.

Kwenye simu, Robux 400 zimekuwa zikiuzwa kwa dola 4.99 za Marekani, yaani karibu senti 1.25 kwa Robux moja. Hiyo ndiyo bei ya kununua. Bei ya kuuza ni nyingine. Kampuni ilikuwa ikiwalipa wabunifu dola 0.0035 kwa kila Robux waliyoichuma, na Septemba 2025 ilitangaza kukipandisha kiwango hicho hadi dola 0.0038. Yaani senti 1.25 unapoingia, na senti 0.38 unapotoka. Hakuna mbadilisha fedha wa mpakani anayeweza kusimama na pengo kama hilo akaendelea kupata wateja.

Chukua shati bapa lililowekwa kwa Robux 100. Likiuzwa moja kwa moja kwenye soko la jukwaa, mbunifu hupata asilimia 70, sawa na Robux 70. Kwa kiwango kipya hizo ni senti 27 za dola. Mnunuzi ametoa dola 1.25. Kwa hiyo katika kila dola 100 zilizotoka mifukoni mwa wanunuzi, mbunifu anabaki na dola 21 hivi.

Kuna sharti lingine. Fedha haitolewi mpaka mbunifu afikishe Robux 30,000 alizozichuma, awe na umri usiopungua miaka 13 na kitambulisho chake kihakikiwe. Kwa shati la Robux 100, kizingiti hicho ni mashati 429. Wanunuzi watakuwa wametoa dola 536. Mbunifu atapokea dola 114. Ada ya kupandisha nguo sokoni hulipwa kwanza, nguo iuzwe isiuzwe. Nguo zenye umbo kamili zina mgao mdogo zaidi kwa mbunifu. Masharti haya hubadilika, na mtu anayetaka kuanza hana budi kuyasoma upya siku hiyohiyo.

Hesabu hiyo isiwakatishe watu tamaa, ila iwaondolee uongo wa utajiri wa haraka. Upande wa pili wa daftari una mambo yake mazuri. Shati hilo halina gharama ya kitambaa, halina nauli, halikai ghalani na haliishi. Likishonwa mara moja linaweza kuuzwa mara 400 au 4,000. Halinyeshewi mvua, na halizuiliwi mpaka unapofungwa, kama ulivyofungwa mpaka wa nchi kavu kati ya Burundi na Rwanda Januari 2024, wafanyabiashara wadogo wa pande zote mbili wakabaki na mizigo yao.

Mpaka haupo, lakini daraja pia halipo

Sababu ya shati hilo kutotozwa ushuru imekuwa makubaliano ya mwaka 1998. Nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani zilikubaliana wakati huo kutotoza ushuru wa forodha kwa vitu vinavyopitishwa kielektroniki. Makubaliano hayo yalikuwa ya muda, lakini yalirefushwa mara kwa mara, huku India na Afrika Kusini zikilalamika kwamba nchi zinazonunua zaidi kuliko kuuza zinapoteza mapato.

Serikali za ukanda huu zimetafuta mlango mwingine. Kenya ilianza kutoza kodi ya huduma za kidijitali ya asilimia 1.5 Januari 2021, na baadaye ikaibadilisha. Tanzania ilianza na asilimia 2 Julai 2022, na Uganda asilimia 5 Julai 2023. Kodi hizo zinailenga kampuni ya nje inayopata mapato kutoka kwa wateja wa ndani. Hazimsaidii wala hazimzuii fundi anayetaka kuuza nje.

Kinachomzuia ni malipo. Mtu wa Buyenzi ana Lumicash au EcoCash kwenye simu yake, na mwenzake wa Kigoma au Nairobi ana M-Pesa. Pochi hizo zinanunua unga, zinalipa nauli na zinatuma ada ya shule. Lakini maduka makubwa ya michezo yalijengwa kwa ajili ya kadi za benki na dola, na Burundi imekuwa na uhaba wa fedha za kigeni kwa miaka kadhaa. Mbunifu anapofikia kizingiti, malipo humjia kwa dola kupitia njia za kibenki ambazo vijana wengi hawana. Kwa hiyo kabla ya kushona shati la kwanza, swali la kwanza ni dola hizo zitapokelewa kwenye akaunti gani, ya nani, na kwa makato gani.

Zipo kampuni zinazojaribu kuziba pengo hilo kwa upande wa mnunuzi. Carry1st yenye makao Cape Town, iliyoanzishwa mwaka 2018, huuza sarafu za michezo na kupokea malipo kwa njia za Kiafrika, M-Pesa ikiwemo. Lakini hilo linarahisisha fedha kutoka. Fedha kuingia bado ni kazi.

Tofauti na biashara ya kawaida inaonekana wazi hapa. Mama anayevusha nyanya, mchele au sabuni zisizozidi thamani ya dola 2,000 anaweza kutumia utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, akapata cheti rahisi cha uasili wa bidhaa mpakani na kuvuka bila ushuru ikiwa bidhaa yake imo katika orodha. Burundi imo katika Jumuiya hiyo tangu 2007. Shati la avata halihitaji cheti cha kuvukia, lakini pia halina cheti cha kusema limetoka wapi.

Nani mwenye ngoma?

Kukosa cheti cha asili si jambo dogo. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno “kikoy” kama alama yake ya biashara. Wakenya na watetezi wa biashara ya haki walipinga, na ombi hilo halikufika mwisho. Disney iliomba alama ya “Hakuna Matata” kwa ajili ya fulana mwaka 1994, ikasajiliwa Marekani mwaka 2003, na mwishoni mwa 2018 zaidi ya watu 100,000 walitia saini kuipinga. Kikoi kiliponea. Hakuna Matata haikuponea.

Katika michezo ya mtandaoni, hata mwendo wa mwili ni bidhaa. Fortnite huuza madansi ambayo avata huyacheza baada ya ushindi. Mwaka 2018 wasanii kadhaa wa Marekani, akiwemo mwigizaji Alfonso Ribeiro, waliishtaki Epic Games kwa kuuza madansi yao bila ruhusa. Kesi hizo za mwanzo hazikufika mbali, na ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilikataa kusajili dansi ya Ribeiro kwa kuiona fupi na rahisi mno. Lakini Novemba 2023 mahakama ya rufaa ya huko iliirudisha hai kesi ya mtunzi mwingine wa madansi, Kyle Hanagami, ikisema hatua chache mfululizo zinaweza kulindwa.

Burundi ina sababu ya kufuatilia mambo hayo. Uchezaji wa ngoma za kifalme za Burundi uliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Orodha hiyo huheshimisha, lakini haizuii kampuni kuchora mpiga ngoma akiruka na kumuuza kwa V-Bucks. Mruko ule umo katika video zisizohesabika, na mchoraji yeyote anaweza kuutazama na kuunakili. Aliye na ngoma ana wakati wa kuingia sokoni kwa jina lake kabla mwingine hajaingia kwa jina la kubuni. Hadhari hiyo inamhusu pia msusi na mdarizi: picha ya kazi yenye tarehe na jina, iliyowekwa hadharani mapema, ni ushahidi bora kuliko malalamiko ya baadaye.

Mzazi, wakala na neno la siri

Kwa familia nyingi, mguso wa kwanza wa biashara hii hautakuwa mauzo. Utakuwa salio lililopungua. Desemba 2022 Epic Games ilikubali kulipa dola milioni 520 nchini Marekani kumaliza madai ya tume ya kulinda wateja. Dola milioni 275 zilihusu taarifa za watoto, na milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wateja waliotozwa kwa mpangilio wa vitufe uliowapotosha, wakiwemo wazazi ambao watoto wao walinunua vitu bila idhini. Kama jambo hilo liliwapata wazazi wenye benki na wanasheria karibu, mzazi wa Ruvumera anayemwachia mtoto simu yenye pochi ya fedha hana budi kuweka namba ya siri ambayo mtoto haijui.

Usalama wa watoto si fedha tu. Michezo hii ina mazungumzo na watu wasiojulikana, na Agosti 2024 Uturuki iliifunga Roblox kwa hoja ya kuwalinda watoto. Mzazi hahitaji kuifunga simu, lakini anahitaji kujua mtoto anaongea na nani akiwa amevaa sura ile.

Kwa kuwa kadi za benki ni chache, mawakala huingia katikati: mtu anapokea fedha kwa simu na kumwekea mteja almasi au kumuuzia vocha. Kazi hiyo inaweza kuwa halali na yenye manufaa, na kwa mfanyabiashara mwaminifu ni riziki. Ila ina alama za kutofautisha mkweli na tapeli. Kuweka almasi za Free Fire kunahitaji namba ya utambulisho ya mchezaji tu. Vocha ya Robux ni namba anayoingiza mteja mwenyewe. Hakuna hata moja linalohitaji neno la siri. Anayeliomba anaitaka akaunti. Anayeahidi Robux za bure naye anaitaka akaunti.

Mnunuzi ajue pia anachonunua. Kwa masharti ya majukwaa haya, mchezaji hapewi umiliki wa nguo za avata, anapewa ruhusa ya kuzitumia. Akaunti ikifungwa, kabati lote linaondoka, na kuiuza akaunti kwa mtu mwingine kwa kawaida kunakatazwa. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na hizi ni za kuazima hata baada ya kulipiwa.

Ndiyo maana upande wa kuuza una heshima zaidi kuliko upande wa kununua, hata kama faida yake ni senti 27 kwa shati. Mafundi watatu au wanne wanaweza kushirikiana: mmoja anayejua mshono, mmoja anayejua kompyuta, mmoja mwenye akaunti inayopokea dola kihalali, na mmoja wa kuandika daftari. Waanze na nguo moja ambayo haipo sokoni na ambayo wanaijua kuliko mtu yeyote. Wakiuza mashati 40 badala ya 429, watakuwa wamepoteza ada ndogo na kupata kipimo cha soko, ambalo ni jambo la kawaida kwa yeyote aliyewahi kupeleka mzigo wa majaribio Uvira au Kigoma.